Watu Waliosimama Upande wa Soko

Nilimwonea wivu Mumbua hata siku ya mazishi yake. Nimejaribu kuanza kwa maneno mengine na kila mara nimefuta, basi acha yabaki haya. Watu walikuja mpaka hema zikajaa, wengine wakasimama juani nje ya ua pale kwake Makindu wakiwa na miavuli na watoto mgongoni, na kila aliyepewa kipaza sauti alisema kwamba marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu. Mimi nilikuwa safu ya tatu nikiwaza kwamba haiwezekani, ukaribu nao una mipaka yake, wote hawa hawawezi kuingia. Halafu nikajiuliza ni nani watakaokuja kwangu, nikaanza kuwapanga kichwani, fulani atakuja, fulani atatuma mtoto, na nikaona aibu, kwa maana nilikuwa nawapanga waombolezaji wangu katika matanga ya mtu mwingine. Nimezoea kuandika mambo ya kila siku tangu nilipoachia masomo kidato cha pili, na mengi niliyoandika hayana maana kwa yeyote. Lakini mwaka ule niliofanya kazi na Mumbua pale njia panda sikuuandika sawasawa, niliuandika na meno yameumana. Sasa nitajaribu kuuandika kwa haki. Sijui kama mwenye wivu anaweza kuandika kwa haki, hilo msomaji ataliona mwenyewe.

Habari za kwetu nitaziruka, hazina tofauti na za kwenu. Ulikuwa mwaka ule Makueni ilipokatwa kutoka Machakos ikawa wilaya ya kujitegemea, na mjini Wote, ambako watu walikuwa wakienda kwa ajili ya soko tu, kukaanza kufunguliwa ofisi. Pale Makindu, barabara ya murram, isiyo na lami, inayotoka sokoni ilikuwa inaingia barabara ya Mombasa bila taa wala askari. Gari likitoka sokoni lilichungulia huku, likachungulia kule, likangoja, halafu likajitupa. Watu nao walijitupa hivyo hivyo, na mbuzi wao. Serikali ilitaka kujua magari yanacheleweshwa kiasi gani hapo, na watu wanaovuka kwa miguu wanangoja kiasi gani, na hao watu wakivuka wanayapunguzaje magari mwendo, kabla haijaamua kama itachora mistari ya kuvukia, itaweka matuta, ama itaacha mambo yalivyo. Ndipo tukaandikwa mimi na Mumbua, wasichana wawili wa kanisa moja ambao mchungaji alikubali kuwatilia sahihi.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mugo, mpimaji kutoka Murang'a, mwembamba, mwenye chupa ya chai ambayo sikumwona akimpa mtu, na kwa haki niseme pia sikumwona mtu akimwomba. Alitufundisha tukiwa kwenye veranda ya duka la vipuri. Kila mmoja alipewa saa ya kubonyeza, kama ile ya mwalimu wa michezo. "Mtu akifika ukingo wa lami akasimama, bonyeza," akasema. "Mguu wake ukigusa lami akivuka, bonyeza tena. Andika. Usifikiri, andika." Asubuhi tulipima magari yanayotoka sokoni, mchana tukapima watu. Mumbua aliwekwa upande wa soko, mimi nikawekwa ng'ambo, upande wa stesheni. Halafu Bwana Mugo akafunga chupa yake na kusema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kazi ikiisha, ofisi ya Wote itachukua mmoja wenu moja kwa moja. Mmoja." Mumbua alinitazama akatabasamu. Mimi nilitazama saa yangu.

Nilikuwa naitaka ile kazi, na niliitaka kwa sababu ambazo hata sasa naziona ndogo: kiti, dirisha, jina langu kwenye mlango hata kama ni chini ya mengine. Mumbua aliitaka kwa sababu kubwa. Alikuwa na mtoto wa kike, Ndinda, aliyekuwa akilelewa na mamake huko milimani Mbooni, na alikuwa amekwisha kuulizia shule pale Wote ambako angempeleka. Aliniambia hayo jioni ya kwanza, tukiwa chumbani, bila kuficha, kana kwamba mimi si yule mmoja mwingine. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kinu cha posho. Unga ulipenya kila mahali. Ukilala mchana unaamka na nyusi za bibi kizee. Tulikuwa na kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, jiko la makaa, sufuria mbili, na meza iliyotengenezwa kwa kreti za soda. Jumapili tulichemsha isyo nyingi, mahindi na maharagwe, na kuzipasha mpaka zikaisha. Mumbua alipopika, majirani walisikia harufu wakaja na sahani. Nilipopika mimi ni isyo zile zile, chumvi ile ile. Hakuja mtu.

Ukuta wa upande wa kulia ulikuwa wa mabati, na ng'ambo yake aliishi Mama Kioko aliyeuza mitumba. Jioni moja nilikuwa nafua soksi kwenye beseni, Mumbua ametoka, nikamsikia Mama Kioko akiongea na mgeni wake. "Hao wasichana wa barabara," mgeni akauliza, "ni dada?" Mama Kioko akacheka. "Dada wapi. Yule mfupi ni mtu wa watu. Yule mwingine ukimwona utafikiri ametumwa kukutoza kodi." "Ana madharau?" "Hapana, hana madharau. Hana hata hayo." Nilizisuuza zile soksi mara mbili. Nikawaza, ningekuwa na madharau angalau kungekuwa na kitu cha kusema juu yangu.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halioni kwa sababu amezaliwa ndani yake. Ukambani salamu haipitwi mbio. Ukimsalimu mtu huku unatembea umemtukana. Unasimama, mzigo kama ni mkubwa unautua, unauliza habari ya nyumbani, ya mvua, ya ng'ombe, na kila jibu ni nzuri, hata kama ng'ombe alikufa jana. Halafu ndiyo mnaanza habari yenyewe ya ng'ombe aliyekufa. Mumbua alisimama ukingoni upande wa soko na kila aliyekuja kuvuka alimjua, ama alimjua mtu anayemjua. "Mumbua, uvoo waku?" "Ni museo, Susu, na wa kwako?" Mkono wa kulia akampa bibi huyo, mkono wa kushoto ukabonyeza saa. Wanasimulia, wanacheka, malori yanapita, nafasi ya kuvuka inakuja na kwenda, inakuja tena na kwenda, mpaka mtu akumbuke alikuwa anaenda wapi. Akigusa lami, Mumbua anabonyeza na kuandika. Hakuongeza kitu. Alikuwa mwaminifu kama mizani.

Hata magari. Mutiso, kijana aliyeuza maji ya mapipa kwa pikapu, alipotoka sokoni alisimamisha gari pale pale mdomoni mwa njia panda amsalimu, nyuma yake magari yakipiga honi. "Mutiso, unaziba barabara," Mumbua akamwambia. "Acha wangoje, hata mimi huwa nangoja," akajibu, na vicheko. Alipoingia barabara kubwa na kunipita mimi, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja. Nilikuwa nakingoja kile kidole tangu asubuhi, na nasema haya nikiwa mtu mzima ambaye wajukuu wake watayasoma.

Mvua za kwanza zikaisha, tukapima, kiangazi kikaja, tukapima. Bwana Mugo alikuja kila baada ya majuma kadhaa kuchukua karatasi. Safari moja alikaa nazo juu ya tairi la lori pale kwa fundi, akizigeuza. "Barabara ni moja," akasema. "Magari ni yale yale. Kwa nini watu wa upande wa soko wanangoja hivi, na wa stesheni wanavuka kama maji?" Mumbua akasema labda ni mizigo, wakitoka sokoni wamechoka. Bwana Mugo akanitazama. Mimi nilijua. Nilikuwa nimejua muda mrefu, kwa maana nilikuwa ng'ambo ya barabara nikimtazama kutwa, na hakuna mtu anayetazama vizuri kama mwenye wivu. Nikasema, "Nitaangalia, Bwana Mugo." Akasema tukiendelea hivi ataandika kwamba mistari ichorwe pale pale miguuni kwa Mumbua, tena na tuta juu yake.

Niliogopa kusema mbele ya Mumbua kabla sijamwambia mwenyewe. Kesho yake tulienda kula hekaluni kwa Singasinga, ambako walimlisha yeyote aliyefika, mradi avue viatu na afunike kichwa. Tulikaa chini kwenye mkeka mrefu pamoja na madereva na familia moja iliyokuwa safarini kwenda pwani, tukamiminiwa dengu na kupewa chapati. Kitambaa cha kichwani kilimpendeza Mumbua. Mimi kilinifanya nionekane mgonjwa.

"Unajua kwa nini watu wako wanangoja sana?" nikamuuliza.

"Si ni magari?"

"Si magari. Ni salamu. Wanasimama kwa sababu yako, na wewe unabonyeza."

Alitafuna pole pole. "Bwana Mugo alisema mtu akisimama ukingoni nibonyeze. Hakusema nimuulize anasimamia nini."

"Najua alivyosema. Lakini barabara haijawachelewesha hao. Ni wewe umewachelewesha."

"Sasa niwafukuze kama kuku?"

"Sijasema uwafukuze. Nasema nitamwambia."

"Mwambie," akasema, na akachovya chapati yake katika dengu zangu kwa sababu zake zilikuwa zimeisha. "Lakini fanya mazoezi kwanza. 'Bwana Mugo, nimekuja kumshtaki Mumbua. Watu wanamsalimia sana.'"

Alisema kwa sauti yangu, ile ya kubana pua, na mzee Singasinga aliyekuwa akipita na ndoo ya dengu akatabasamu bila kujua tunachekea nini. Mimi pia nilicheka. Halafu nikakaa na lile neno, kushtaki, kwa siku kadhaa. Nilijiuliza: ningekuwa simwonei wivu, ningesema? Nikaona ndiyo, kwa sababu mistari ingechorwa mahali pasipofaa na mtu angegongwa kwingine. Halafu nikajiuliza: kama simwonei wivu, ningefurahi kusema?

Bwana Mugo aliporudi nilimwambia, na Mumbua yupo. Hakushangaa. Alikuwa amewaza kitu cha aina hiyo, akasema, tena kuna namna rahisi ya kujua. "Badilishaneni pande. Juma moja. Kama ni barabara, kungoja kutabaki sokoni. Kama ni mtu, kutamfuata mtu."

Hapa ndipo penye jambo nililolificha hata katika maandishi yangu ya wakati ule. Nilifurahia kubadilishana. Nilikuwa na tumaini, tena tumaini kubwa, kwamba labda si Mumbua. Labda watu wa soko ndio wapole na wa stesheni ndio wenye haraka ya kuwahi soko, na yeyote atakayesimama upande wa soko atasalimiwa. Asubuhi ile nilijipaka mafuta usoni. Nilisuka nywele. Nilivuka nikasimama mahali pale pale palipokuwa pamekwisha kutobolewa na visigino vya Mumbua, nikashika saa, nikangoja watu wasimame.

Hawakusimama. Walifika ukingoni, wakatazama huku na huku, nafasi ikaja, wakavuka. Niliwasalimu wachache, nikapata "nzuri" ya mgongoni. Lililokuwa baya zaidi ni kwamba walimwona Mumbua ng'ambo na kuanza kumwita, "Umehama? Umetuacha na nani?" na wakavuka upesi kuliko zamani ili wamfikie. Ng'ambo, upande wa stesheni, ambako kwangu watu walikuwa wakipita kama maji, sasa kulikuwa na kundi limesimama, na Mumbua katikati, mkono wa kushoto ukibonyeza.

Siku ya tatu alikuja Susu Kalondu, mwanamke mzee aliyeuza maembe na machungwa kutoka milimani, kamba ya kiondo ikiwa kwenye paji la uso wake na mgongo umepinda. Alisimama karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya machungwa. Nikabonyeza. Akainua macho, akamwona Mumbua, na uso wake ukafunguka. Aliingia barabarani bila kutazama. Lori la saruji lilikuwa linashuka kutoka upande wa Nairobi. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Breki zililia, tela likapinda kidogo, vumbi na harufu ya mpira, na lori likasimama mbele yake kiasi cha kuweza kuligusa. Machungwa yalibingirika mpaka kwenye mtaro.

Utingo akatoa kichwa dirishani. "Nyanya, umechoka na dunia?"

"Dunia ndiyo imechoka na wewe," Susu akamjibu. "Shuka uniokotee machungwa."

Na akashuka. Akaokota moja moja, dereva akifuta jasho, magari ya nyuma yamejipanga hadi karibu na hekalu. Mumbua alikuja mbio akamshika Susu mabega na kumgombeza kama mamake, akalia, akamfunga kiondo upya. Mimi nilikuwa nimesimama na saa inaendelea kukimbia mkononi. Susu alinitazama akamuuliza Mumbua, "Na huyu ni karani wa nini? Amesimama hapo kama kigingi." Kwa haki, nilikuwa nimepiga kelele. Nadhani nilipiga. Hakuna aliyesema alinisikia.

Juma lilipoisha Bwana Mugo alilinganisha karatasi na hakuhitaji kueleza sana. Kungoja kulikuwa kumemfuata mtu. Sijui kama kuna mtu mwingine hapa duniani aliyepata kupimiwa hivyo, kwa saa ya serikali, kiasi anachopendwa na kiasi mwenzake asichopendwa, halafu zikawekwa karatasi mbili sambamba juu ya tairi. Mumbua alikuwa anatazama chini akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Tutarudia upya," Bwana Mugo akasema. "Na kila mmoja wenu atajibanza mbali na ukingo. Mistari nitaomba ichorwe kati, hapa panapoonekana kutoka pande zote, kwa sababu ya yule nyanya." Akanywa chai yake. "Kazi hii, mtu akikuona, umeiharibu. Ni kama kupima maji yakitulia na wewe umetia mguu. Mumbua, wewe ni mtu mzuri, lakini huwezi kusimama mahali pakabaki vile palivyokuwa. Nduku amesimama hapa muda wote huu na barabara haijui kama yuko." Akanigeukia, na nakumbuka alikuwa na furaha ya kunipa zawadi. "Wewe ndiye utakayeenda Wote."

Nikasema asante. Mumbua akasema, "Ni haki. Mimi hata nikinyamaza nasikika." Kisha akaomba ruhusa akaenda kununua kitunguu.

Jioni ile alipika matumbo na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Nilimwangalia jinsi mtu anavyoangalia maziwa yaliyo motoni. Nilingoja anionee wivu, hata kidogo, hata kijiko kiangushwe kwa nguvu. Nilikuwa na haki ya kuonewa wivu mara moja katika maisha yangu, na aliyekuwa na sababu ya kunionea ni huyu hapa, aliyekuwa amekwisha kuulizia shule ya mtoto wake. Alionja mchuzi, akaongeza chumvi, akaniambia nikifika Wote nitafute nyumba iliyo karibu na maji.

"Hukuumia?" nikamuuliza mwishowe.

"Niliumia pale alipokuwa anasema," akajibu. "Ndinda alikuja machoni pangu. Halafu nikasikia njaa."

"Basi?"

"Basi nini? Leta sahani. Mama Kioko anakuja."

Kazi tuliimaliza tukiwa tumejificha nyuma ya kibanda cha mkaa, na nyaraka zikaenda. Siku ya kuhama Mumbua alikataa nibebe sanduku langu la bati, akajitwika yeye, na tukatoka kwenda kungoja gari upande wa soko. Hatukuwa tumefika ukingoni wakati mtu wa kwanza aliposimama. "Mumbua, unahama?" "Si mimi, ni Nduku. Amepata kazi ya ofisi Wote." "Nduku yupi?" "Huyu." Wakanigeukia. Mama muuza nyanya akanipa mkono, halafu mumewe, halafu fundi wa baiskeli aliyekuwa amenipita mwaka mzima. Mutiso alizima pikapu na kuteremka, akasema, "Kumbe ni wewe ulikuwa unatuandika?" Susu Kalondu alifika, akatua kiondo, akanitazama kutoka chini hadi juu. "Wewe ndiye wa ile saa? Nilidhani ni bubu." Akatema mate kidogo ya baraka katika kiganja changu na kukifunga kwa vidole vyake vigumu, akaniombea nikae vizuri na watu huko niendako.

Gari la Wote lilifika, likapiga honi, likaondoka bila mimi. Hawakumaliza. Waliniuliza habari ya nyumbani na ya mvua, nikajibu nzuri, nzuri, mkono wa kulia ukitoka kwa mtu hadi kwa mtu. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, na niligundua kwamba kidole gumba kilikuwa kinabonyeza, kila mmoja akisimama, kila mmoja akiondoka, ingawa ile saa nilikuwa nimekwisha kuirudisha. Walisimama muda mrefu sana. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, na sikuwahi kujua ningeliandika kwenye karatasi ya nani. Mumbua alikuwa kando yangu na sanduku langu kichwani, akicheka. Kwa haki, sehemu kubwa ya kusimama kule ilikuwa yake. Lakini si yote.